Dirii ya Goti: Kuifua, Kuiunga na Kuimalizia

Watu wengi wanaotaka kujitengenezea vazi la chuma la mtindo wa Ulaya ya zama za kati huanza na chapeo, kwa kuwa chapeo ndiyo inayovutia macho. Ushauri wangu ni kuanza na goti. Dirii ya goti ni kipande kidogo kinachoshikika vizuri mikononi, hakitumii chuma kingi, na bado kinamfundisha mtu karibu kila jambo atakalolihitaji baadaye: kuchora kigezo, kukata bati, kulifua likawa na tumbo kama bakuli, kukunja ukingo, kuunga mabamba yanayoteleza moja chini ya jingine, kufunga mikanda ya ngozi na kung'arisha. Historia nayo inaunga mkono mpangilio huu. Katika karne ya 13, wapiganaji wa Ulaya walipokuwa bado wamejifunika kwa mavazi ya pete za chuma zilizosukwa, magoti na viwiko vilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuwekewa bamba gumu, kwa sababu goti la mpanda farasi liko kwenye kimo cha silaha ya askari wa miguu, na pete, hata zikizuia makali yasikate nyama, hazizuii pigo lisivunje mfupa. Sanamu iliyo juu ya kaburi la Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza aliyefariki mwaka 1376, katika kanisa kuu la Canterbury, inaonyesha hali ilivyokuwa baada ya karne moja ya maendeleo: mguu wote umefunikwa kwa mabamba, na goti ndiyo bawaba yake.

Goti ninaloelekeza hapa linafuata mtindo wa mwisho wa karne ya 14. Lina bamba kuu lenye umbo la kuba na bawa dogo upande wa nje wa mguu, pamoja na mabamba mawili membamba yaliyopinda, moja juu na moja chini, ambayo kingo zake zimejificha ndani ya bamba kuu. Mabamba hayo mawili nitayaita bamba la paja na bamba la muundi, kwa kuwa moja hulalia mwisho wa paja na jingine mwanzo wa muundi.

Chuma cha kutumia

Tafuta bati la chuma laini, yaani chuma chenye kaboni kidogo, lililopitishwa kwenye rola likiwa baridi. Bati la namna hii huja na uso safi wa kijivu unaong'aa kidogo, ilhali lile lililopitishwa kwenye rola likiwa la moto huwa na gamba jeusi gumu ambalo ni lazima uliondoe kwa kuliloweka kwenye siki siku nzima au zaidi, kisha ulisugue, ulioshe kwa maji yenye magadi na kulikausha papo hapo. Unene wa milimita 1.2 unatosha kwa goti la kuvaa katika maonyesho na maigizo. Anayekusudia kupigana nalo michezoni achukue milimita 1.6 na asome kwanza kanuni za kundi analojiunga nalo, kwani kila kundi lina vipimo vyake. Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, kwa mfano, hakikubali chapeo ya bati jembamba kuliko milimita 1.6 hivi. Uzito nao unapigika hesabu mapema: mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita moja ina uzito wa kilo 7.85, kwa hiyo goti moja la milimita 1.2 litakuwa na uzito wa karibu nusu kilo kabla ya mikanda.

Usitumie mabati yaliyopakwa zinki, yale yanayoezekea nyumba. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu ndiyo bati linalopatikana kwa urahisi, na anayeanza hushawishika. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe ambao ukivutwa humletea mtu homa, baridi kali na maumivu ya mwili, na hata usipotumia moto, tabaka hilo hukatika na kubanduka chini ya nyundo na kukunyima uso wa kung'arisha. Chuma kisichoshika kutu nacho kina sifa yake moja kubwa, ila kinakuwa kigumu haraka mno kikifuliwa, na mkono wa mwanafunzi utachoka kabla kuba halijapata kina.

Kigezo

Makosa mengi ya kazi hii hutokea kabla nyundo haijainuliwa, na huonekana baada ya ribiti ya mwisho kupigwa. Ndiyo maana ninatumia muda mwingi na karatasi ngumu kuliko ninavyotumia na bati. Vaa kwanza nguo utakayoivaa chini ya chuma, yaani suruali nzito au kitambaa kilichotiwa pamba na kushonwa kwa mistari, kwa sababu goti lililopimwa juu ya ngozi tupu halitaingia juu ya pamba. Keti kitini, kunja mguu hadi paja na muundi vitengeneze pembe mraba, kisha pima kwa utepe kutoka upande mmoja wa goti hadi mwingine ukipitia kilele chake, halafu kutoka sentimita nane hivi juu ya kilele hadi sentimita nane chini yake. Simama, pima tena. Utaona kwamba vipimo vya mguu uliokunjwa ni vikubwa, na hivyo ndivyo vya kufuata.

Kwa mtu mzima wa wastani mimi huanza na umbo la yai lililolala, upana wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 16, kisha ninaongeza ulimi wa bawa upande mmoja. Karatasi haifuliki, hivyo ili kupata kuba kata mipasuo midogo sita au minane kuzunguka ukingo, pandanisha midomo ya kila mpasuo, na uishike kwa utepe wa gundi. Kata pia bamba la paja na bamba la muundi, kila moja likiwa na kimo cha sentimita sita katikati na kupungua kidogo kuelekea ncha. Toboa matundu kwenye kona na uyaunge mabamba ya karatasi kwa vibanio vya miguu miwili vinavyofunguka, vile vya kufungia majalada, kwa kuwa vinazunguka kama ribiti itakavyozunguka.

Sasa jifunge kigezo mguuni na utembee. Piga goti, chuchumaa, panda ngazi. Mguu unapokunjika, sehemu ya mbele ya goti hurefuka, na mabamba hufunguka kama kipepeo cha mkononi, kwa hiyo hakikisha kwamba katika mkunjo wa mwisho bamba kuu bado linafunika ukingo wa jirani yake kwa sentimita moja na nusu angalau. Wakati huohuo angalia nyuma, karibu na ribiti: kule mabamba husogeleana, na kona zake zikiwa ndefu zitagongana na kuufunga mguu usikunjike zaidi. Goti langu la kwanza lilikwama hivyo. Sikuwa nimelijaribu nikiwa nimechuchumaa, nikapiga ribiti zote nane za magoti mawili, na ilinilazimu kuzitoboa zote upya ili nikate milimita nne tu za kona. Kwenye karatasi milimita nne ni kazi ya mkasi.

Kigezo kikikubali, kifungue, kilaze na ukichore juu ya bati kwa msumari wenye ncha kali. Chora mguu wa kulia, kisha kipindue na uchore wa kushoto. Magoti mawili yatengenezwe sambamba, hatua kwa hatua, kwani ukimaliza moja kabisa ndipo uanze jingine, la pili halitafanana na la kwanza. Ongeza milimita nane nje ya mstari kwenye kingo zitakazokunjwa, yaani ukingo wa bawa, ukingo wa juu wa bamba la paja na ukingo wa chini wa bamba la muundi. Chora pia mstari wa katikati wa kila bamba na uugongee alama kwa ncha ya chuma, maana wino utafutika baada ya mapigo ishirini na bila mstari huo hutajua tena kilele kiko wapi.

Kata kwa mkasi wa bati huku ukiacha mstari uonekane, kisha fikia mstari kwa tupa. Mkasi huacha miba midogo na michubuko ukingoni, na kila mchubuko ni mwanzo wa ufa utakaotokea wakati wa kufua au kukunja, hivyo piga tupa ukingo wote hadi kidole kipite bila kukwama, na uviringe kila kona. Fanya hivyo ukiwa na glovu za ngozi.

Kufua

Mahitaji ni machache kuliko watu wanavyodhani. Gogo la mti mgumu lililosimamishwa, lenye kimo kinachofikia ngumi yako ukisimama wima, likiwa limechongwa shimo la mviringo kwenye uso wake, upana wa sentimita 12 na kina cha sentimita tatu, nyundo ya kilo moja hivi yenye uso wa mviringo, nyundo nyingine nyepesi yenye uso bapa uliong'arishwa, jiliwa imara, na tufe la chuma la kubana kwenye jiliwa hilo. Tufe linalofungwa nyuma ya gari kwa ajili ya kuvuta trela linafaa sana, baada ya kulisugua kwa msasa hadi ling'ae. Fuawe ni jambo jema kuwa nayo, lakini kwa goti si lazima uwe nayo. Vaa miwani ya kinga na vikinga masikio tangu pigo la kwanza, kwani bati linapopigwa juu ya gogo hutoa kelele ambayo sikio halisamehi, na usifanye kazi hii usiku karibu na watu waliolala.

Weka bati juu ya shimo na uanze kupiga sentimita mbili ndani ya ukingo, ukienda kwa duara, pigo likilalia nusu ya pigo lililotangulia. Nyundo ianguke kwa uzito wake. Anayekamia nguvu huacha mabonde yasiyofutika, na mkono wake huzimia kabla ya saa moja. Ukimaliza duara la kwanza ingia ndani kidogo, upige la pili, na hivyo hadi kilele. Kisha rudi mwanzo. Kuba la goti linahitaji mizunguko minne au mitano ya namna hii, na kina chake hufika sentimita tano au sita.

Baada ya mzunguko wa kwanza ukingo utaanza kujikunyata na kutoa mawimbi. Hii si dalili ya kuharibu. Chuma cha ukingoni kimebaki na urefu wake wakati duara limekuwa dogo, na hakina pa kwenda. La muhimu ni kuyapiga mawimbi hayo mara tu yanapotokea, juu ya tufe, kuanzia chini ya wimbi kuelekea ukingoni, kwa mapigo mepesi yanayokilazimisha chuma kiingie ndani yake chenyewe. Ukiliacha wimbi likue, litajilaza na kuwa kunjo, na kunjo likishabanwa hupasuka. Kwa njia hiyohiyo ndivyo mbavu mbili za bamba kuu zinavyovutwa ndani ili zikumbatie goti badala ya kutanda kama sahani. Anayeruka hatua hii hupata kitu kinachoonekana vizuri mezani na kinachotokeza kama masikio mguuni.

Chuma laini kinachofuliwa baridi huwa kigumu kadiri kinavyopigwa. Utalitambua hilo mkononi: nyundo huanza kuruka, na pigo lililokuwa likiacha alama sasa haliachi kitu. Kwa milimita 1.2 unaweza kumaliza goti bila moto. Ikibidi ukilainishe, kipashe moto hadi kiwe chekundu cha wastani, karibu nyuzi 700 za selsiasi, mahali penye hewa na palipo mbali na vitu vya kuwaka, kisha kiache kipoe polepole ndani ya majivu makavu. Kumbuka pia kwamba kufua kwenye shimo hukondesha chuma, na kinakonda zaidi pale kilele kilipo, pale hasa pigo linapotua. Wahunzi wa zamani walijua kupanga unene, ndiyo maana vipande vingi vilivyobaki vina chuma kinene mbele na chembamba pembeni. Sisi wa kujifunza tujizuie tu tusipige kilele kupita kiasi.

Mabamba mawili membamba hayana mengi. Yapinde kwa mkono juu ya bomba, kisha uyape tumbo dogo kwenye gogo ili yafuate mzingo wa bamba kuu kwa ndani. Yajaribu mara kwa mara chini ya bamba kuu. Yakigusa mahali pote bila kulazimishwa, yametosha.

Kusawazisha

Hapa ndipo kazi ya siku mbili hugeuka kuwa ya wiki, na hapa ndipo penye raha yake. Bamba lililotoka kwenye gogo lina uso kama wa chungwa. Chukua nyundo nyepesi yenye uso uliong'arishwa, weka bamba juu ya tufe, na upige mapigo mepesi yaliyokaribiana, ukilisogeza bamba na si nyundo. Macho hayakusaidii sana, kwa kuwa huoni tufe lililo chini. Sikio ndilo linaloongoza. Chuma kikibanwa kati ya nyundo na tufe hutoa mlio mwembamba, mkavu. Pakiwa na nafasi chini yake hutoa mlio mzito uliofifia, na pigo hilo limebonyeza badala ya kusawazisha. Baada ya jioni mbili au tatu mkono wenyewe utaanza kulitafuta bamba hadi mlio unyooke. Kwa sababu hiyohiyo, mkwaruzo wowote ulio kwenye uso wa nyundo utachapwa kwenye bamba mara mia, kwa hiyo ninaifuta nyundo na tufe kila ninapoanza, na siwaruhusu wageni waigongee msumari.

Baada ya nyundo huja tupa. Paka uso wote wino wa kalamu nene, kisha pitisha tupa pana kwa wepesi: vilima vitang'aa na mabonde yatabaki na wino. Bonde lenye kina lisifuatwe kwa tupa, kwani utalikondesha bamba zima kwa ajili ya doa moja. Lirudishe kwenye tufe, ulisukume kutoka ndani, upake wino tena. Sehemu ya ndani iache na alama za nyundo. Ukipata nafasi ya kutazama ndani ya vipande vya kale katika makumbusho, utaona wahunzi wao nao waliiacha vivyo hivyo.

Kingo

Ukingo uliokunjwa una kazi tatu: hauchani nguo wala ngozi, unalipa bamba jembamba uimara ambao lisingekuwa nao, na unazuia ncha ya silaha isiteleze kuelekea mwilini. Chora mstari wa milimita nane kutoka ukingoni, ufuate kwa tindo butu ili upate mfereji, kisha ukunje ukingo kuelekea nje, nyuzi 30 hivi kwa kila mzunguko, hadi ufike pembe mraba. Weka waya wa chuma wa milimita mbili na nusu kwenye kona hiyo na uufunike kwa kuendelea kuulaza ukingo juu yake. Usimalize sehemu moja kabla ya nyingine. Ukingo wote utembee pamoja, la sivyo chuma kitavutika upande mmoja na bamba litajipinda. Kwenye bawa, pale mzingo unapokuwa mkali, ukingo unaonyooshwa hupenda kupasuka, na ukiona ufa mdogo kama unywele simama, upige tupa hadi uishe, ndipo uendelee.

Kuunga

Toboa kwanza bamba kuu pekee, matundu manne, kila moja sentimita moja na nusu kutoka kona. Toboa kwa keekee yenye kibao chini, na bamba likiwa limebanwa. Bati lililoshikwa kwa mkono hunaswa na keekee wakati wa kutokea upande wa pili na kuzunguka kama panga. Weka bamba la paja mahali pake chini ya bamba kuu, weka alama ya tundu la upande mmoja, toboa, na ufunge kwa skrubu ndogo ya milimita nne na nati. Kisha lipange tena, uweke alama ya upande wa pili, utoboe. Anayetoboa matundu yote kwa kufuata kigezo cha karatasi husahau kwamba chuma kimetembea chini ya nyundo, na matundu yake hayatakutana.

Likiwa limeungwa kwa skrubu, livae na urudie kila ulichofanya na karatasi. Sikiliza. Mkwaruzo wa chuma juu ya chuma unamaanisha kuna mahali panaposugua, na mstari mng'avu utakaoachwa pale utakuonyesha ni wapi. Piga tupa pale, au urudishe bamba kwenye tufe. Usiridhike hadi mguu ujikunje kana kwamba hujavaa kitu.

Ribiti ziwekwe baada ya kung'arisha, isije ikawa kuna pembe ambazo msasa hauzifikii tena. Ribiti ya chuma laini ya milimita nne inatosha. Ipitishe kutoka nje kwenda ndani, utie washa upande wa ndani, na uikate ibaki imejitokeza kwa milimita tano au sita. Kabla ya kuigonga, chomeka kipande cha karatasi ngumu kati ya mabamba mawili. Ukishamaliza na kukichomoa, utabaki na nafasi ndogo inayoliwezesha bamba kuzunguka. Kilaze kichwa cha ribiti kwenye kishimo kilichochongwa kwenye kipande cha chuma ili kisibapike, na uigonge ncha kwa mapigo mepesi ya kuzunguka hadi iwe kama uyoga.

Kung'arisha na kulinda

Anza na msasa namba 120, kisha 180, 240, 320, 400 na 600. Kila namba ipite kwa mwelekeo unaokata ule uliotangulia, na usihamie nyingine hadi mikwaruzo ya zamani iishe yote, kwa kuwa mkwaruzo wa namba 120 ulioachwa nyuma utaonekana wazi chini ya kila kitu kitakachofuata. Katika warsha kubwa za Ulaya mafundi wa kung'arisha walikuwa na magurudumu yaliyozungushwa kwa nguvu ya maji. Sisi tunaweza kutumia gurudumu la kitambaa lenye dawa ya kung'arishia, lakini ni mashine ninayoiogopa kuliko grainda: hunyakua ukingo wa bamba na kulirusha kwa nguvu. Shika bamba chini ya mhimili wa gurudumu, ukingo ukielekea chini kufuata mzunguko, usivae glovu wala mikono mirefu iliyolegea, na funga nywele. Mimi mwenyewe husimama kwenye 400 kwa vipande vingi, kwa kuwa mng'ao wa wastani hutunzika kwa urahisi na hauonyeshi kila alama ya kidole.

Anayetaka rangi anaweza kuipata kwenye chuma chenyewe. Bamba lililong'arishwa na kufutwa mafuta yote likipashwa moto polepole juu ya sinia la mchanga hugeuka rangi ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Rangi hupita haraka kuliko unavyotarajia, hivyo liondoe buluu ikiwa ndiyo kwanza inaingia. Wengine hupaka mafuta ya kitani juu ya chuma cha moto hadi kiwe cheusi, na matokeo yake ni mazuri na hustahimili. Ila vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visikunjwe na kutupwa pipani, kwani hujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Viloweshe maji au uvitandaze nje vikauke.

Mwisho wa yote pasha bamba vuguvugu, kiasi cha kushikika, na upake nta tabaka jembamba ndani na nje, kisha uifute kwa kitambaa laini. Mafuta ya mashine nayo hulinda, lakini hushika vumbi na kuchafua nguo.

Mikanda na kuvaa

Mikanda iwe ya ngozi iliyotiwa dawa ya magome, unene wa milimita tatu, upana wa sentimita mbili, iliyopakwa mafuta kabla ya kufungwa kwa ribiti yenye washa. Bizimu zikae upande wa nje wa mguu. Zikiwa ndani, magoti mawili yatagongana na kukwaruzana kila hatua. Mkanda mmoja upite nyuma ya goti, juu kidogo ya mkunjo, wala usikazwe sana, kwa sababu misuli hutanuka mguu ukikunjwa. Ndani ya kuba gundisha au shonea kipande cha pamba iliyoshonwa, kinachoweza kutolewa na kufuliwa.

Mkanda pekee hauwezi kushikilia goti lisiteleze. Toboa matundu mawili kwenye ukingo wa juu wa bamba la paja, chini ya mkunjo, na upitishe kamba za kufungia kwenye nguo ya paja, ambayo nayo inaning'inia kiunoni. Ndivyo uzito wa miguu ya chuma ulivyobebwa zamani, kwa nyonga na si kwa mashavu ya miguu.

Ukivua, lifute mara moja kwa kitambaa kikavu, hasa pale mikono ilipogusa na chini ya mikanda, kwa kuwa chumvi ya jasho huanza kuandika kutu usiku uleule. Fungua bizimu, litundike mahali pakavu mabamba yakiwa yamenyooka, na upake nta tena pale utakapoona maji hayajikusanyi matone juu yake.